Jina Nililoliita Uwanjani Ruangwa

Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli. Reli yenyewe, ile iliyokuwa ikileta treni Nachingwea, iling'olewa tukiwa wachanga ikapelekwa tusikokujua, lakini kipande kimoja chenye urefu wa mkono wa mtu mzima kilibaki nyuma na matundu yake ya boliti, na mtu fulani mwenye akili akakipitishia waya, akakining'iniza kwenye mkorosho mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kilipogongwa, sauti yake ilianza kwa ukali, nyembamba, kisha ikatanuka, ikapita juu ya mashamba ya mihogo na mbaazi, ikateremka bondeni hadi nyumbani kwetu, mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima na dakika kumi kwa mtoto aliyechelewa. Hata leo, nikiwa mzee wa miaka sitini na mitano, bwana shamba msaidizi aliyestaafu, nikisikia fundi akigonga chuma kwenye gereji za Nachingwea mjini, miguu yangu hutaka kukimbia kabla kichwa hakijauliza kuna nini.

Ninataka kusimulia msimu mmoja tu, kuanzia mavuno ya mwezi wa sita hadi maua ya mikorosho ya mwezi wa nane, nilipokuwa darasa la sita. Shule yetu ilikuwa upande wa Nambambo na haikuwa na mengi: madarasa mawili ya matofali, mengine mawili ya miti na udongo, shamba la ufuta, shamba la mihogo, na uwanja ambao tuliufyeka wenyewe kila Jumatatu. Ukiniuliza kama tulikuwa maskini, nitakujibu kwamba hatukupata nafasi ya kuligundua jambo hilo. Asubuhi ilianza kwa mchakamchaka. Mistari ya watoto ilitoka uwanjani ikazunguka shamba la ufuta, vumbi la baridi likipita kati ya vidole, mmoja akianzisha wimbo na mia mbili wakiitikia, kanga na kwale wakitimka kutoka kwenye mabua ya mtama kana kwamba tumewafuata wao. Tulirudi tunahema, tunanuka jasho na majani, tukasimama mstarini kukaguliwa kucha, na siku ikawa imeshafunguka. Sijapata tena, katika maisha yangu yote ya kazi, asubuhi iliyonipokea kwa kishindo namna ile.

Mbele ya mistari hiyo alikuwa Athumani. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa matete tu, na mama zetu walitwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja. Tulizaliwa msimu mmoja wa mvua. Mimi nilikuwa na mbio. Yeye alikuwa na kitu kingine ambacho sijakipatia neno mpaka leo. Alipokimbia hukusikia miguu. Ulisikia watu wanaomtazama. Mama yake alitoka Narung'ombe, upande wa Ruangwa, na kwa desturi ya kwetu mtoto ni wa wajomba kabla hajawa wa mtu mwingine, kwa hiyo kila baada ya mavuno Athumani alikwenda Narung'ombe kwa mjomba wake Bakari, akarudi na karanga za kukaanga ambazo tulizila njiani tukienda shule, moja yangu, moja yake, na ile ya mwisho tuliing'ata nusu kwa nusu.

Mwaka ule hakwenda Narung'ombe, kwa sababu tulipelekwa jandoni, mimi na yeye na wavulana wengine tisa. Ya jandoni hayasimuliwi, nami sitayasimulia. Nitasema la nje, linalojulikana hata na kuku wa kijiji. Siku ya kutoka, kibanda tulimoishi huchomwa moto, na watoto walioingia humo huhesabiwa kuwa wameungua pamoja nacho. Wanaorudi nyumbani wamepakwa mafuta, wamevaa nguo mpya, katikati ya ngoma na vigelegele vya mama zao, ni watu wengine, wenye majina mengine. Jina la utotoni halitajwi tena. Kumwita mtu kwa jina hilo, tena mbele ya watu, si mzaha. Ni kumvua nguo hadharani. Watu wazima wamepigana kwa sababu hiyo, na wazee wamekaa vikao. Ndiyo maana jina alilokuwa nalo Athumani kabla ya mwezi ule sitaliandika hapa, ingawa kisa chote kimejengwa juu yake.

Tatizo ni kwamba majina mapya yalifika kijijini kabla ya kufika kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mwalimu Kaijage, kijana aliyeletwa kwetu kutoka Bukoba, mrefu, suruali yake imepigwa pasi hata siku ya palizi, mtu mwema aliyetupenda na ambaye hakujua hata moja katika desturi zetu. Siku shule ilipofunguliwa alianza kuita majina. Wasichana waliitika. Alipofika kwetu, darasa likanyamaza. Akaita jina la kwanza mara tatu, kimya. La pili, kimya. Akavua miwani.

"Mbona mnanitazama tu? Nawaona kwa macho yangu. Likizo hii mmekuwa viziwi?"

Tuliinamia madawati. Ndipo akasimama Zuhura, msichana wa mstari wa mbele ambaye sijapata kumwona akiogopa mtu.

"Mwalimu, hao unaowaita hawapo. Waliungua."

"Waliungua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wote kumi na mmoja. Kwenye kibanda, porini."

Mwalimu Kaijage alikaa kitini taratibu, mkono kifuani. "Na hawa waliokaa hapa ni akina nani?"

"Hawa wageni, Mwalimu. Waulize majina yao, watakwambia."

Darasa lilipasuka. Watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu wa Chiola na mwenyeji wa mambo hayo, akaja kuchungulia dirishani, akamtoa mwenzake nje, akamweleza. Mwalimu Kaijage aliporudi alichukua kalamu ya wino mwekundu, akayakata majina ya zamani kwa rula, akaandika mapya juu yake kwa mwandiko mzuri, akimwuliza kila mmoja kwa adabu kama anayepokea wageni wa serikali. Kwa wiki nzima alituita "wageni wangu". Tulijiona wakubwa mno. Hata kutembea tulitembea kwa mabega.

Wiki iliyofuata habari ikaja: mwezi wa nane shule za upande wetu zingekutana na za upande wa Ruangwa kwa mashindano, na washindi wangepelekwa Lindi kwenye mashindano ya mkoa. Lindi. Kati yetu hakuna aliyekuwa ameiona bahari. Zuhura alidai shangazi yake alimwambia kwamba usiku taa za Lindi huwaka mpaka kuku hawajui saa ya kulala, nasi tulimwamini. Kutoka siku hiyo hatukuwa na habari nyingine midomoni. Mwalimu Kaijage alikuwa amekimbia mbio za vijiti chuoni kwake, na alituteua wanne: wa tatu mimi, wa mwisho Athumani. Tena Athumani angekimbia peke yake mita mia nane mchana, na humo washindi wawili wa kwanza wangekwenda Lindi. Kwa hiyo tulijua kwamba hata vijiti vikituangusha, Athumani ataiona bahari. Hilo halikuwa na mjadala, kama vile jua halina mjadala.

Kijiti chetu kilikuwa kipande cha mwanzi kilichofungwa kitambaa chekundu katikati. Tulifanya mazoezi kila jioni, baada ya kumwagilia bustani ya mwalimu mkuu, na namna yake ya kutufundisha ilikuwa moja, haikubadilika.

"Mpokeaji haangalii nyuma," Mwalimu alisema. "Anayeangalia nyuma amepoteza hatua mbili. Masikio ndiyo macho yako. Ukisikia jina lako, mkono nyuma, kiganja wazi, unaondoka. Na wewe unayeleta, usiite mapema, usiite ukiwa umechelewa. Ita ukiwa na hakika."

Basi kila jioni nilimkimbilia Athumani kwa nyuma, nikaita "Athumani", mkono wake ukafunguka nyuma kama mlango, nikatia kijiti, akaondoka. Tulirudia mpaka tukaweza kufanya hivyo tumefumba macho. Lakini jina lenyewe lilikuwa bado jipya kinywani mwangu, kama kofia ya kuazima, lina miezi miwili tu. Lile jingine nilikuwa nimelitumia tangu nilipojua kusema. Sikulifikiria. Nani hufikiria ulimi wake kabla haujamponza?

Siku ya safari tulipanda lori la kubebea korosho kabla jua halijachomoza. Sakafu yake ilinuka magunia na mafuta ya maganda, na upepo wa mwezi wa nane ulileta harufu tamu ya maua ya mikorosho pande zote mbili za barabara, tamu mpaka ilikuwa kama inalika. Tuliimba tangu tulipotoka mpaka sauti zikakwaruza. Tulipokwama mchangani tulishuka tukasukuma huku tukiimba, tukapanda tena weupe kwa vumbi, kila mmoja akimcheka mwenzake kwamba amezeeka. Mwalimu Kaijage, suruali na pasi yake, alisukuma pamoja nasi. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote za utoto wangu, na nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Ruangwa tulipokelewa kwa ngoma na kwa maneno. Watoto wa huko walikuwa wamepanda juu ya kila kitu chenye mgongo.

"Nachingwea, mmekuja kushindana au mmekuja kula?"

"Tumekuja kula," akajibu Zuhura, aliyekuwa katika timu ya netiboli, "na baada ya kula tutawafunga, tukalale."

Na kweli tulikula. Mjomba Bakari alikuwa ametoka Narung'ombe kwa baiskeli alfajiri, kijana wa miaka kama ishirini na sita wakati huo, kapu la mihogo ya kuchemsha na karanga limefungwa nyuma ya kiti. Hakumlisha mpwa wake peke yake. Alizungukia timu yote, hata Mwalimu alimpa muhogo kwenye jani la mgomba, akisema, "Mwalimu, kula, usione haya, hawa wote ni wapwa zangu leo." Kisha akaenda kusimama kwenye mstari wa kumalizia, mikono nyuma, akasubiri.

Mbio za vijiti zilipigiwa filimbi jua likiwa utosini. Mistari ilichorwa kwa majivu. Mkimbiaji wetu wa kwanza alianza vibaya, wa pili akajitahidi, na kijiti kiliponifikia tulikuwa wa nne kati ya shule sita. Sitaki kujisifu, lakini mita zile mia moja nilizikimbia kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na uzito. Nilimpita mmoja. Nilimpita wa pili kwenye kona, kwa ndani, bega kwa bega, nikasikia akiguna. Mbele yangu alikuwa amebaki kijana mmoja tu wa Ruangwa, hatua mbili, na mbele zaidi nikauona mgongo wa Athumani, amekwisha kuanza kuondoka, kichwa mbele, vidole vimetulia. Nilijua. Kwa hatua mbili Athumani angemla yule mtu kabla ya nusu ya njia. Lindi ilikuwa yetu sote wanne. Uwanja ulikuwa unanguruma, furaha ilinijaa mpaka kooni, nikafungua mdomo nimwite.

Lililotoka halikuwa Athumani. Lilikuwa lile jina jingine, nililomwita miaka yote tuliyoishi pamoja, nilipotaka karanga, nilipotaka tukaoge, nilipoona nyoka njiani. Nililiita kwa nguvu zote za mapafu yangu.

Mgongo wake ulikakamaa kama wa mtu aliyemwagiwa maji ya kisima. Mkono uliokuwa umeanza kufunguka nyuma ukarudi kifuani. Akageuka. Hakuwa na hasira usoni. Alinitazama kama mtu aliyesikia marehemu akiita. Kijiti kiligonga kiwiko chake, kikaanguka kwenye majivu, na shule nne zilizokuwa nyuma zikatupita. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya watu wa pande mbili.

Mpaka hapo kosa langu lilikuwa la kitoto, na kama lingeishia hapo nisingeandika kurasa hizi. Waliosikia lile jina walikuwa watoto wageni waliosimama kwenye kona ile, na kwao lilikuwa jina kama majina mengine. Mwalimu Kaijage alikuwa mbali, kwenye mstari wa kumalizia. Alikuja mbio, uso umemwiva.

"Athumani, umesimama kwa nini?"

Athumani alitazama chini. Angesema nini? Aseme nimeitwa jina la utotoni mbele ya umati, alitaje, ajivue nguo mara ya pili? Tena tulikuwa tumefundishwa, miezi miwili tu iliyopita, kwamba mwenzako wa jando humfichui mbele ya watu. Alinyamaza kwa ajili yangu. Mwalimu akanigeukia.

"Wewe ulikuwa karibu. Ulimwita?"

"Nilimwita, Mwalimu."

"Alisikia?"

"Alisikia."

Yote mawili yalikuwa kweli. Mwalimu akauliza, "Sasa kwa nini asimame?"

Nilikuwa na nafasi. Naikumbuka nafasi ile kama mtu anavyokumbuka mlango uliokuwa wazi. Maneno yalikuwa matatu tu: nimekosea jina, Mwalimu. Badala yake nikatafuta, na nikapata.

"Sijui, Mwalimu. Labda kwa sababu wajomba zake ni wa huku."

Mwalimu aligeuza kichwa. Pale kwenye mstari alikuwa Mjomba Bakari na kapu lake tupu, yule aliyetulisha wote kwa ukarimu wake, na nilimwona Mwalimu akijumlisha mihogo na karanga na kusimama kwa Athumani, akapata jibu baya. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema, "Mia nane hutakimbia. Atakimbia mwenzako," akanionyesha mimi. Kisha akamwendea Mjomba Bakari, akampa mkono, akamwambia kwa heshima ile ya baridi, "Bwana, asante kwa mihogo. Siku nyingine usituletee." Mjomba alibaki ameshika kapu, akimtazama mpwa wake, na mpwa wake akitazama majivu.

Mchana nilikimbia mia nane. Kijana mmoja wa Ruangwa alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Nilikwenda Lindi kwa nafasi ya Athumani, nikaiona bahari, na taa pia niliziona. Huko nilikuwa wa saba kati ya wanane. Niliporudi watu walinizunguka niwaeleze bahari ilivyo, nami nikawaeleza kwa madoido, na Athumani alisimama nyuma ya wengine akisikiliza. Watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina la kumtania, "Mtu wa Wajomba", na lilidumu mpaka tulipomaliza darasa la saba. Hakukimbia tena mashindano yoyote. Kwenye mchakamchaka alihamia katikati ya mstari. Mihogo ya Mjomba Bakari haikuonekana tena shuleni kwetu.

Mimi nilifaulu, nikasoma hadi kidato cha nne, nikaajiriwa, nikazunguka vijijini kwa miaka mingi kufundisha watu kupuliza salfa kwenye mikorosho. Yeye alibaki na ufuta na mikorosho yake, akaoa, akajenga, akaenda Maka. Sitasema kwamba niliharibu maisha yake. Maisha yake ni mazuri kuliko yangu. Lakini nilimharibia kitu ambacho ni chake peke yake, na tulipokutana harusini au msibani tulisalimiana, tukaulizana hali ya mvua, na kila mara nilijiambia kwamba leo si siku yake. Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu amekua, ameoa, naye ana watoto.

Mwaka jana Zuhura, ambaye ni muuguzi mstaafu na bado haogopi mtu, alitukusanya kwa simu sisi tuliosoma shule ile, tukachanga saruji, tukaenda kukabidhi darasa jipya. Tulifika wazee kama ishirini, na mtu asidhani tulikaa kizee. Kabla ya hotuba tulikwisha kuimba nyimbo mbili za mchakamchaka, mmoja wetu akataka kukimbia akazuiwa na mke wake, na Zuhura akawasimulia watoto kisa cha "waliungua" mpaka walimu wa sasa wakafuta machozi. Katikati ya vicheko vile nilimshika Athumani mkono, nikamwomba tuzunguke uwanja. Tulipofika kona ya mbali nikamwambia. Nilimwambia yote mawili, la jina na la wajomba, bila kulitaja jina.

Alijibu huku tukiendelea kutembea.

"Jina nilikusamehe kabla kijiti hakijafika chini, bwana. Ulimi hauna mfupa, na ulikuwa umefurahi. Niliuona uso wako. Lakini lile la wajomba halikuwa la ulimi. Lile ulilitafuta."

"Nililitafuta."

"Haya." Akaokota jani, akalikunja. "Mjomba Bakari yupo hai, unajua?"

"Nimesikia."

"Anaamini mihogo yake ndiyo iliyoniponza. Miaka yote hii. Nikimwambia siyo, anasema namstahi kwa sababu amezeeka."

"Unataka nifanye nini, Athumani?"

"Mimi sitaki kitu. Pikipiki za kukodi zipo pale barabarani."

Tulikwenda keshokutwa yake, wazee wawili nyuma ya vijana wawili wenye miwani ya jua. Njia ile tuliyoisukumia lori nusu siku tuliimaliza kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni, na sehemu kubwa imeshapasuliwa, inapanuliwa, magreda yanapita. Watoto wa shule tuliopishana nao walikuwa na viatu, na baadhi walitupiga picha kwa simu bila kujua sisi ni nani. Siku hizi mtoto hupelekwa zahanati asubuhi, akarudi mchana na jina lilelile lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na litamfuata mpaka chuo kikuu. Sisemi ni vibaya. Hakuna mwalimu atakayeambiwa kwamba darasa lake limeungua, na hakuna rafiki atakayelia kwa kosa kama langu. Wamepungukiwa na hofu ile. Sijui kama wamepungukiwa na kitu kingine, na mimi si mtu wa kuwapimia.

Mjomba Bakari tulimkuta barazani kwenye kitanda cha kamba, sikio moja halisikii, vijukuu vinne vinamenya karanga miguuni pake. Nilimwamkia, nikakaa upande wa sikio zima, nikasema. Ilinibidi kusema mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa, mpaka jirani akasimama uani kusikiliza. Vizuri. Ndivyo ilivyopaswa kusemwa tangu mwanzo. Kijukuu kimoja kikamwuliza Athumani, "Sasa babu, jina tu ndilo lilikufanya uache kijiti?" Athumani akamwambia, "Jina tu, mjukuu wangu," na mtoto akamtazama kwa huruma.

Nilitegemea laana ya Mjomba, au machozi yake. Alisema, "Kwa hiyo haikuwa mihogo."

"Haikuwa mihogo, mjomba."

"Basi niambie zile mbio za mchana. Za mizunguko miwili."

"Hakukimbia, mjomba. Nilikimbia mimi."

"Najua hakukimbia, nilikuwepo. Wewe ulikuwa ndani, unajua nani alikuwa wapi. Niambie angekimbiaje."

Nikamtazama Athumani. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua macho. Nikaanza. Nilianza kwa sauti ya kizee, lakini mbio hazisimuliwi hivyo, na kabla ya kona ya kwanza nilikuwa nimesimama barazani, nawaonyesha kwa mikono: yule kijana wa Ruangwa anavyoondoka kwa pupa, mimi namfuata, na Athumani nyuma yetu, wa tano, hana haraka, miguu haisikiki. Vijukuu viliacha karanga. Nikamleta mzunguko wa pili, nikampitisha mmoja, nikampitisha mwingine, na kwenye kona ya mwisho nikamtoa kwa nje anipite mimi.

"Si kwa nje," Athumani akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza juu ya mbio hizo. "Pale palikuwa na mchanga. Ningepita ndani."

"Ndani," nikasema, "amenipita kwa ndani, hata sikumsikia. Amebaki yule wa Ruangwa."

"Huyo mwache kwanza," akasema Athumani, ameinuka kidogo kwenye kigoda. "Huyo alishachoka. Nilimwona kwenye vijiti, anafungua kifua mapema."

"Amemwacha. Sasa anamfuata. Sasa wako sawa. Sasa amempita, mjomba, hatua nne, hatua sita, wewe umesimama pale kwenye mstari, unamwona anakuja."

Mjomba Bakari alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. "Wa kwanza?"

"Wa kwanza. Wa pili yule wa Ruangwa."

"Na wewe?"

"Mimi wa tatu."

Akaligeuza sikio lake zima kwangu ili apate uhakika. "Wa tatu anakwenda Lindi?"

"Haendi, mjomba. Anarudi Nachingwea kwa lori."